Ukili wa Bi Mnana

Mchwa hawakuanzia nyumbani kwa Mzee Kiboko, mwenyekiti wa kijiji cha Mkinduni, ndiyo maana kikao cha dharura kilichukua misimu miwili kuitishwa. Walianzia kwa Kanga mjane. Wakala ubao wake wa ukutani, wenye hesabu ya mayai, siku za kuangua na majina ya wanaomdai na anaowadai, na asubuhi Kanga akakuta vumbi na misumari minne. Baadaye wakahamia kwa Nungunungu, kisha kwa Swala, kisha kwa Kobe. Kila nyumba ya Mkinduni ilikuwa na ubao wa namna hiyo. Mwenye nyumba huandika kwa chaki, hufuta, huandika tena, na lolote analolitaka hulipata kwa kutupa jicho. Wepesi huo ndio uliowasahaulisha wanakijiji kwamba ubao ni mti, na mti una wenyewe. Wanyonge wakalia, Kamati ikawapa pole. Siku mchwa walipougusa ubao wa ofisi ya kijiji, ulioorodhesha posho za wajumbe, kikao kilikaa kabla ya saa sita mchana.

Kikao kiliazimia jambo la maana, na sina budi kukipa haki yake. Kiliazimia kwamba maneno ya nyumba zote arobaini yasukwe kwenye ukili. Msusi alikuwepo: Bi Mnana, aliyekuwa akichana ukindu tangu mwenyekiti hajaota meno, na aliyejua kuligeuza neno lolote kuwa mipindo, huu herufi, ule nambari. Ukili ukishasukwa hukunjwa gombo, gombo hutundikwa juu ya meko, na moshi hufanya yaliyobaki, kwa kuwa mchwa hapandi penye moshi. Una ubaya mmoja tu. Ubao unausoma popote unapotaka, ukili unausoma kuanzia mwanzo. Anayetafuta neno la Kobe, na Kobe kasukwa wa thelathini na nane, atakunjua nyumba thelathini na saba kwanza. Wajumbe walielezwa hilo, wakalipitisha bila mjadala, maana hakuna aliyekuwa akiifikiria siku ya kusoma. Walikuwa wakiifikiria siku ya uzinduzi.

Uzinduzi ulifana. Mheshimiwa Tembo, mkuu wa wilaya, alikuja na msafara, ngoma zikalia, Fisi mjumbe wa fedha akasoma risala ndefu. Ulipowadia wakati wa kukata utepe ikagundulika kwamba utepe haukununuliwa, ingawa risiti yake ilikuwepo. Mjumbe mmoja mwepesi akauchukua ukili wa kwanza wa Bi Mnana, aliousuka usiku kucha, akaufunga mlangoni, na Mheshimiwa Tembo akaukata katikati. Ndani yake mlikuwa na maneno ya Kanga mjane, aliyoyakumbuka upya kwa taabu. Kwenye taarifa ya siku ile iliandikwa: nyumba ya kwanza, imekamilika.

Kazi yenyewe ilifanyika usiku, wenye nyumba wakiwa wamelala na hakuna anayeandika. Aliyepewa kuisimamia ni Fuko, ambaye hakuwa mjumbe wa chochote, na ambaye wengi walidhani alikwisha kuhama. Sisimizi wake waliingia nyumba moja, wakapanda ubaoni, kila mmoja akajitwika neno moja, wakashika njia hadi kibandani kwa Bi Mnana, wakarudi kuchukua mengine. Njia ilikuwa moja tu, na penye kijito ilipita juu ya gogo. Nyumba ya kwanza ikiisha ndipo ya pili huanza. Kwa Swala maneno yalitiririka. Kwa Kobe, mwenye ubao wa zamani na mwandiko wa kuchungulia, sisimizi alisubiri neno hadi akasahau alichofuata.

Hapo ndipo ilipoonekana tabia ya msusi. Bi Mnana alikuwa na mwendo wake, na mwendo huo haukujua kusubiri. Maneno yakikatika njiani, mdomo wake haukuweza kukoma papo hapo. Uliteleza mbele na kusuka shibiri mbili tatu za ukili mtupu. Kisha ilimbidi asimame, afumue alichosuka bure, arudi nyuma zaidi ya hapo, ashike tena mwendo, apite alipokwisha kupita, ndipo aunge neno jipya. Akishaliunga, neno linalofuata la Kobe bado liko kwenye gogo. Anateleza tena. Usiku ukaisha kwa kwenda mbele na kurudi nyuma, na ukindu wenyewe ukaanza kuchanika kwa kusuguliwa mahali pale pale. Kulipopambazuka, nyumba zilizokuwa zimesukwa ni kumi na moja.

Kutoa taarifa ilikuwa kazi ya Kasuku. Alifundishwa neno moja, na alilitamka vizuri. Alikaa mlangoni pa tundu la sisimizi, na kila kundi likirudi alisema, "Imekamilika." Hakuagizwa kuangalia wamerudi na nini. Kila Jumatatu mwenyekiti alilisikia neno hilo, akatia sahihi, akaenda zake mtoni. Fuko ndiye aliyeleta habari ya zile kumi na moja, kwa barua, akajibiwa kwamba afuate ngazi. Barua ilipanda ngazi moja baada ya nyingine, na ilipofika juu kabisa Mzee Kiboko alitambua tatizo mara moja.

"Msusi amezeeka," alisema.

Zabuni ikatangazwa. Mauzo ya korosho ya msimu mzima yakaingia humo, na Fisi akasafiri mara kadhaa kwenda kukagua. Hatimaye, ndani ya masanduku saba makubwa, akaletwa kutoka ng'ambo msusi wa kizazi cha tisa. Jina lake refu halikushikika, kwa hiyo watoto wakamwita Tisa. Bi Mnana akapewa cheti cha utumishi mwema, akaambiwa asikae mbali.

Usiku wa kwanza Tisa aliimaliza nyumba ya Swala kabla wajumbe hawajakaa vizuri kwenye viti. Makofi yakapigwa. Ikafuata zamu ya Kobe. Neno la kwanza lilifika, Tisa akalimeza, akageuka kutafuta la pili, na kwa kuwa halikuwepo akateleza. Bi Mnana huteleza shibiri tatu. Tisa aliteleza pima tano. Akasimama kwa kishindo, akafumua, akarudi pima kumi, akashika mwendo, akaunga, akateleza. Mwendo wake ulipozidi wa Bi Mnana, na umbali wa kurudi ulizidi. Njia ilikuwa ile ile na gogo lilikuwa lile lile. Asubuhi zilihesabiwa nyumba tisa, na mjumbe mmoja akasema labda ndiyo sababu ya jina.

Naomba nitoke kijijini kidogo, maana wapo watakaodhani Tisa namzulia. Kanda za kompyuta za aina ya LTO ziliingia sokoni mwaka 2000, na ya kizazi cha kwanza ilibeba gigabaiti 100. Ya kizazi cha tisa hubeba terabaiti 18 kwenye utepe wenye urefu wa mita 1,035 na upana wa milimita 12.65, na mtambo wake mkubwa huandika hadi megabaiti 400 kwa sekunde. Sasa chukua ofisi ya kawaida yenye mtandao wa gigabiti 1. Waya huo ukijitahidi kwa nguvu zake zote haupitishi zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde, na kompyuta ya mhasibu, yenye mafaili madogo madogo maelfu kwa maelfu, haiwezi kuujaza hata huo. Mitambo ya siku hizi ina busara ya kupunguza mwendo ikiona chakula ni haba, lakini kuna kiwango ambacho haishuki chini yake. Ikikosa data, utepe unapitiliza, unasimama, unarudi nyuma, unaanza tena, na kila safari kichwa cha kuandikia kinausugua. Mtambo uliokaa hivyo unazeeka upesi, na utepe nao. Jibu la kwanza la mwenye fedha, ukimwambia kazi inachelewa, ni kununua chenye kasi zaidi, na muuzaji hatamkatalia. Turudi Mkinduni.

Fuko aliomba dakika chache kwenye ajenda ya mengineyo, ambayo huja wakati wajumbe wakitafuta kofia zao.

"Wazee wangu, shikamooni," alisema. "Tisa hana kosa, na Bi Mnana hakuwa nalo. Wote wawili tumewalisha kwa kijiko. Tujenge uchaga juu ya kibanda. Nyumba tano, sita, kumi zilete maneno kwa pamoja, kila moja kwa mwendo wake, yarundikane uchagani. Ya Kobe yafike hata alfajiri. Fungu la nyumba likitimia ndipo tunampa msusi lote kwa mara moja, asuke bila kuinua kichwa."

"Uchaga ni wa mahindi," alisema Mzee Kiboko. "Mwanangu, kijiji kimetoa korosho za msimu mzima kununua msusi, wewe unatuambia dawa ni vijiti?"

Fisi akauliza uchaga utagharimu kiasi gani. Fuko akajibu kwamba karibu bure, na hapo hoja ikafa, kwa sababu hakuna njia ya kutangaza zabuni ya karibu bure.

Aliyeifufua ni Mbayuwayu. Huyu huja kila mwaka na pepo za kaskazi na huondoka kabla ya masika, hana shamba Mkinduni wala hadai kitu, kwa hiyo huzungumza mbele ya mwenyekiti bila kusafisha koo. Tena ana jamaa pande zote mbili za Atlantiki, na habari humfikia.

"Anayoyasema Fuko yalikwisha kufanywa," alisema. "Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Maryland kilikuwa na kompyuta nyingi kwenye mtandao, na kanda za milimita 8 ambazo kila moja ilibeba gigabaiti mbili na ushee. Kompyuta moja moja haikuweza kuilisha kanda kwa mwendo inaoutaka. James da Silva akaandika programu, akaiita Amanda. Kompyuta kadhaa zilitoa mafungu yao kwa wakati mmoja, yakakaa kwanza kwenye diski ya kungojea, na kanda ikalishwa kutoka huko. Diski hiyo ndiyo uchaga wake Fuko. Kisha programu wakaigawa bure, na mpaka leo wapo wanaoitumia."

"Maryland iko wilaya gani?" aliuliza Mzee Kiboko.

"Iko Marekani."

"Ng'ambo?"

"Ng'ambo."

"Basi huo ni utaalamu," alisema mwenyekiti, na hoja ikapita kwa kauli moja.

Uchaga ulijengwa na Fuko peke yake, kwa mbao za masanduku aliyofungashiwa Tisa. Ulipoanza kutumika, njia ilijaa sisimizi wa nyumba kumi kwa wakati mmoja, gogo likalia, na uchagani mafungu yakakua taratibu kila moja kwenye pembe yake. La Swala lilitimia kwanza, Tisa akalisuka kwa pumzi moja. Akilimaliza, la Nungunungu tayari. Kobe alikuwa bado yuko kwenye neno la saba na hakumchelewesha mtu. Kabla jogoo wa kwanza hajawika, sisimizi walikuwa wamekwisha kurudi kutoka nyumba zote arobaini. Bi Mnana, aliyekuja kutazama, alisema kwa uchaga ule hata yeye angemaliza. Maneno hayo hayakuingia kwenye muhtasari wa kikao. Yaliyoingia ni pongezi kwa Kamati kwa kubuni uchaga.

Ikazuka shida ya ukindu. Kila nyumba ilitaka ubao wake usukwe wote, kila usiku, hata pale ambapo hakuna kilichobadilika tangu jana. Makindu ya bondeni yakaanza kuonekana vichwa vitupu. Fuko akarudi kwenye mengineyo. Kila nyumba, alisema, isukwe nzima usiku mmoja katika saba, na nyusiku nyingine isukwe nyongeza tu, yaani yaliyoandikwa au kufutwa tangu safari iliyopita. Na hizo nzima zisianguke zote Ijumaa. Ziwe nyumba sita leo, nyumba sita kesho, ili hakuna usiku unaoelemewa. Alionya pia kwamba siku ya kusoma itabidi kuanza na ile nzima, kisha nyongeza zake moja baada ya moja kwa mpangilio, na ikipotea ya Jumatano, ya Alhamisi haitakuwa na pa kushika. Wajumbe waliokuwa macho walitikisa vichwa. Nyongeza ya Kobe ya usiku wa kwanza ilikuwa neno moja: bado.

Mzee Kiboko alilichukulia jambo hilo vibaya. "Yaani Jumanne mwenyekiti wa kijiji ahifadhiwe vipande vipande?" aliuliza. Fuko akamweleza kwa adabu kwamba hata Mheshimiwa Tembo angehifadhiwa hivyo hivyo. Mwenyekiti hakujibu. Alitoka kikaoni amenuna, akaenda moja kwa moja kumtafuta seremala, na jioni ile mlango wake ukatiwa komeo jipya.

Uchaga nao ulikuwa na mzigo wake, na jina la mzigo ni Ngedere. Wenzake walikuwa na ubao mmoja mmoja. Ngedere alikuwa ameandika kuta nne, dari, na nyuma ya mlango. Alihifadhi nyimbo za taarabu tangu enzi za bibi yake, zawadi zilizotolewa kwenye kila arusi, na nani alitoka kwa nani saa ngapi. Nusu ya uchaga ilikuwa yake. Kamati ikaamua kwamba umbea si kumbukumbu za kijiji, aondolewe kwenye orodha. Mimi ningeamua hivyo hivyo. Yeyote aliyewahi kuona diski ya ofisi imejaa picha za harusi na filamu atanielewa. Lakini barua ya kumwondoa ilihitaji sahihi ya mwenyekiti na ya mjumbe wa utamaduni, na mjumbe wa utamaduni alikuwa safarini. Usiku hata usiku Ngedere akaendelea kusukwa, pamoja na taarabu zake.

Mchwa walifika kwa Mzee Kiboko mwaka uliofuata, mwezi wa Machi, siku chache kabla Mbayuwayu hajafunga safari. Walipita chini ya komeo. Walipomaliza ubao wake wakavuka ua wakala na kuta za Ngedere, jirani yake. Wakati wenyewe ulikuwa mbaya: viboko wa ng'ambo ya mto walikuwa wakidai kona ya mto kuwa ni yao, mapatano ya mpaka yalikuwa yameandikwa kwenye ubao wa mwenyekiti wala si pengine popote, na Mheshimiwa Tembo alikuwa amekwisha kupanga siku ya kuja kusikiliza shauri.

"Hakuna wasiwasi," Mzee Kiboko aliwatuliza wanakijiji. "Tuna ukili."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuomba kusomewa. Magombo yakateremshwa kutoka juu ya meko. Mawili hayakuwa na alama yoyote, na la tatu lilikuwa na alama ya la nne. Yalipopangwa, Tisa akaanza kukunjua. Zikapita hesabu za Kanga, zikapita za Nungunungu, zikapita za Swala, na kila mwenye nyumba akayatambua maneno yake na kufurahi. Ikafika zamu ya mwenyekiti.

"Hodi," alisoma Tisa. "Hodi, mwenyekiti. Hodi hapa."

Wakangoja. Tisa akaingia nyumba iliyofuata. Wakafungua gombo la juma lililotangulia, wakaruka mpaka mahali pa mwenyekiti. "Hodi. Hodi, mwenyekiti." La juma la kabla ya hilo pia. Tangu komeo jipya lilipotiwa, sisimizi walikuwa wakifika mlangoni kila usiku, wakibisha, wakikosa jibu, na wakirudi. Walichorudi nacho ndicho kilichosukwa, kwa uaminifu mkubwa, na magombo ya zamani zaidi, yaliyokuwa na ubao wenyewe, yalikwisha kufumuliwa ili ukindu utumike tena.

Wote wakamgeukia Kasuku.

"Imekamilika," alisema Kasuku.

"Msimwonee," alisema Mbayuwayu. "Tarehe 31 Januari 2017 fundi mmoja wa kampuni ya GitLab alidhani yuko kwenye seva ya akiba, akafuta data kwenye seva kuu. Walipokwenda kutafuta nakala rudufu wakakuta programu ya kunakili ilikuwa ikishindwa kila siku, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zikikataliwa bila mtu kujua. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa kwa mkono takriban saa sita kabla ya ajali, kwa shughuli nyingine kabisa. Hata hivyo mkasa wote waliueleza hadharani."

"Sisi si wao," alisema Mzee Kiboko, hasa kuhusu hilo la hadharani.

Ndipo Ngedere akashuka mtini. Alimwamkia mwenyekiti kwa heshima zote, akasema kwamba ubao wake anaujua. Kila jioni, alisema, alikuwa akikaa kwenye tawi la mkungu linalotazamana na dirisha la mwenyekiti, akinakili kilichoandikwa siku ile, akiongeza na aliyoyaona na kuyasikia kwa masikio yake, maana neno bila mazingira halina ladha. Mapatano ya mpaka yamo. Kuta zake zimeliwa, lakini yeye hakuwahi kuondolewa kwenye ukili.

Mbayuwayu alitaka kusimulia jinsi Pixar mwaka 1998 walivyofuta kwa bahati mbaya sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2, nakala za akiba zisiwafae, na kazi ikapatikana kwenye kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa mfanyakazi wao Galyn Susman, aliyekuwa na mtoto mchanga. Hakusikilizwa. Mwenyekiti alikuwa akicheka kwa furaha na kumpigapiga Ngedere mgongoni. Kwa jinsi alivyofurahi hakuuliza mpaka umesukwa mwanzoni, katikati au mwishoni, wala kuna nini kabla yake.

Siku ya shauri uwanja ulijaa. Viboko wa ng'ambo walikaa upande mmoja, Mkinduni upande wa pili, Mheshimiwa Tembo katikati. Kamati ilisisitiza kwamba asomaye awe Tisa, kwa hadhi ya kijiji mbele ya wageni. Gombo likawekwa, taarabu zikapita, arusi zikapita, na Tisa akaingia kwenye habari za dirishani.

"Jumatatu," alisoma kwa sauti kavu. "Mwenyekiti amepokea debe mbili za mpunga wa Kanga mjane, kasema atazifikisha ofisini. Hazikushika njia ya ofisini. Jumanne. Fisi kaja usiku. Zabuni ya msusi wa kizazi cha tisa: kumi katika mia kwa mwenyekiti, tano kwa Fisi, na ile ya utepe wagawane."

Masikio ya Mheshimiwa Tembo yalifunguka taratibu, mawili kwa pamoja.

"Simama!" alifoka Mzee Kiboko. "Ruka hapo! Nenda kwenye mpaka!"

Tisa alikuwa mtiifu. Alisimama, yaani aliteleza pima tano mbele, akakoma kwa kishindo, akarudi pima kumi nyuma kushika mwendo.

"Hazikushika njia ya ofisini," alisoma. "Jumanne. Fisi kaja usiku. Zabuni ya msusi wa kizazi cha tisa: kumi katika mia kwa mwenyekiti..."

"Nimesema simama!"

Akateleza, akakoma, akarudi.

"Mwenyekiti," alisema Bi Mnana kwa upole, kutoka kivulini, "mkimwacha aende, hapo atapita mara moja tu."

Mzee Kiboko hakumsikia, kwa kuwa alikuwa anapiga kelele. Tisa akasimama tena, akarudi tena, akaanza tena na mpunga wa Kanga. Karani wa mkuu wa wilaya alikuwa amekwisha kutoa daftari kwenye begi. Fisi alikuwa akitafuta kofia. Kasuku, kwenye kijiti chake, aliinamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili, kama afanyavyo kila anaporudiwa jambo mara ya tatu.

"Kumi katika mia kwa mwenyekiti," alisema kwa matamshi safi, akimtazama Mheshimiwa Tembo. "Imekamilika."